Umeamkaje, Baba?

Ndugu zangu wanasema baba alirogwa gesti. Walisema hivyo matangani, wamekaa mikekani na vikombe vya togwa mkononi, na wanasema hivyo mpaka leo. Eti alilala chumba kimoja na mtu wa ziwani, mtu wa Kabwe, na huyo mtu akanywa uji wa baba. Basi kwisha, kazi imefanyika. Nimechoka kubishana nao. Nchi nzima inatucheka sisi watu wa Sumbawanga kwa uchawi, mgeni akishuka tu kwenye basi anaulizia ungo, halafu sisi wenyewe tunakaa msibani tunawaongezea maneno ya kuchekea. Uchawi gani? Baba yangu aliuawa na adabu. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya, na anayetaka kukasirika akasirike.

Ilianza kwa mama kunivuta nyuma ya ghala la mahindi na kuninong'oneza kama mtu aliyeiba. "Baba yako ana ule ugonjwa wa wanaume." Nikamuuliza upi. Akanitazama vibaya. Kwetu binti hazungumzi na baba yake mambo ya kuanzia kiunoni kwenda chini, wala mama hamwambii binti habari hizo ila akiwa amebanwa kweli. Daktari wa zahanati alikuwa amesema ni ngiri, inatoka na kurudi, akasema mzee apelekwe mjini akapasuliwe. Kaka yangu, ambaye ndiye angepaswa kumpeleka, yuko machimboni Chunya na simu yake siku hizo ilikuwa haipatikani. Baba zangu wadogo wote wameshatangulia mbele ya haki. Nikabaki mimi, mwanamke mwenye watoto wanne na shamba la ulezi halijavunwa.

"Wewe mfikishe tu," mama akasema. "Huko kwa daktari ataingia mwenyewe. Wewe usimuulize."

Sikumuuliza. Tulipanda kutoka bondeni, upande wa Milepa, asubuhi ya Jumatatu, juu ya lori la mahindi. Kule chini ni joto, tulipofika juu upepo wa Juni ukatupokea kwa makofi ya uso. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, jeusi, ambalo huvaa Pasaka na kwenye mazishi. Njia nzima alikaa amenyooka, mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali, na mimi nilijua mkono ule unashika nini, nikawa natazama milima.

Hospitali aliingia peke yake. Alipotoka alikuwa anatabasamu. "Wamenipokea vizuri sana. Daktari wa kupasua amesafiri, anarudi Alhamisi. Wamenipa Alhamisi." Alivyolitamka hilo neno utadhani kapewa shamba. Nikamuuliza kama kuna kingine walichomwambia. Akasema hakuna, ila nesi alikuwa na heshima, alimwamkia shikamoo.

Kushuka bondeni halafu kupanda tena ilikuwa haina maana, barabara ile inamvunja hata kijana. Ndiyo tukatafuta gesti.

Tuliipata Majengo, nyuma ya duka la majembe na ndoo. Mwenye duka ndiye mwenye gesti, mzee wa Kiislamu wa maneno machache, mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Pale hukodi chumba, unakodi kitanda. Chumba cha wanaume vitanda sita, chumba cha wanawake vitanda sita, katikati korido ya saruji ambayo kila mtu anaipitia na kandambili zinazolia. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu kwamba kupika hairuhusiwi, pombe hairuhusiwi, na mwanamke kuingia chumba cha wanaume ni marufuku. Blanketi lilinuka watu waliotangulia. Mto ulijazwa matambara, ukilala upande mmoja unaamka na alama shavuni. Choo kilikuwa uani, mlango wa bati unafungwa kwa waya, na ukiwa ndani unaimba kidogo au unakohoa ili mwingine asikuvamie.

Mhudumu alikuwa mwanamke wa umri wangu, sweta juu ya gauni, aproni juu ya sweta. Asubuhi alichemsha maji kwenye pipa na kugawa ndoo mojamoja, akiita kwa sauti ya soko: "Kitanda cha mlangoni, maji! Kitanda cha pembeni, maji yanapoa hayo!" Pale hakuna jina. Mimi nilikuwa Kitanda cha Mlangoni. Baba alikuwa Kitanda cha Dirishani, na dirisha lake lilitazama uani, kwa hiyo niliweza kusimama nje nikamsalimia bila kuvunja sheria ya mtu.

Na jamani, baba aliipenda ile gesti! Mimi nilikuwa naona kinyaa hata kukanyaga, yeye akawa kama mtu aliyealikwa harusini. Alikunja blanketi lake mwenyewe, pembe kwa pembe. Alifagia chini ya kitanda chake na cha jirani. Mhudumu akamwambia, "Mzee, utaninyang'anya kazi," akacheka. Jioni ile ya kwanza tulikula kwa mama ntilie wa jirani, ugali na mgebuka, samaki wa ziwani, na baba akamtania mwenye gesti: "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa nimeelewa kwa nini majembe umeyaweka hapo mbele." Yule mzee, ambaye sikuwa nimemwona meno, akacheka mpaka kofia ikasogea. Wageni waliomuuliza baba amefuata nini mjini aliwajibu amekuja kuusalimia mji.

Jumanne ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo ya mwisho. Jua lilitoka, tukakaa kwenye benchi la uani, akanihadithia habari za ng'ombe wake mmoja wa zamani aliyekuwa anajifungulia zizi mwenyewe. Saa za mchana likaja lori la mfanyabiashara wa dagaa, huyo wa Kabwe, jirani yake wa kitanda. Mtu mnene, mcheshi, sauti kubwa ya watu waliozoea kuitana kwenye maji. Alikuwa anashusha viroba vyake peke yake, wapakiaji hawakutokea. Kabla sijafungua mdomo baba ameshanyanyuka.

"Baba, kaa," nikasema.

"Mwenzangu anahangaika, mimi nikae?"

Akashika kiroba upande wa juu, yule wa Kabwe akashika chini, wakakiingiza stoo. Kikafuata cha pili. Kwenye hicho cha pili nilimwona baba amesimama ghafla, amekunja uso, mkono kwenye mkanda. Kisha akauachia, akanitazama, akatabasamu. Yule kaka akasema, "Asante sana mzee wangu, Mungu akuzidishie." Baba akajibu, "Amina." Akaingia ndani kupumzika.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda dirishani kama kawaida. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya taratibu kama tulivyofunzwa, hata kama haoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Baba aliniita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama kabisa. Wewe je? Wenzako chumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Hutoki kuota jua?"

"Baridi ya leo si ya kuchezea. Nimejifunika tu."

Nilikuwa nimemnunulia uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Mkono wake ukatoka chini ya pazia, ukaipokea. Baadaye nikairudia, mkono ukaitoa, ikiwa tupu. Nikafurahi. Mtu anayemaliza chupa nzima ya uji ana shida gani? Mchana nikampelekea mwingine, nao ukaisha. Nikazunguka zangu sokoni nikiangalia vitambaa, nikirudi nawaza kesho itakuwaje, kama watamlaza siku nyingi, kama ulezi wangu utaliwa na ndege.

Nilimkuta mhudumu anasugua ndoo kwa majivu, uso umemkunjamana.

"Dada," akasema, "mzee wako anakunywa?"

"Anakunywa nini?"

"Pombe. Maana toka jana namwaga ndoo ya chumba kile, ni matapishi tu. Nilikasirika, nikasema hawa wazee wakija mjini wanafungulia. Leo nimemwaga tena. Hayana harufu ya pombe, dada. Yananuka kama choo." Akaisukuma ndoo pembeni. "Nimemuuliza yule wa Kabwe, anaangalia chini. Kamwangalie baba yako."

"Si marufuku kuingia?"

"Ingia wewe!"

Nikaingia. Baba alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, amevaa koti lake la kanisani na viatu. Jasho linamtoka kwenye baridi ile. Tumbo lilikuwa limesimama chini ya koti kama ngoma. Blanketi alikuwa amelikunja pembe kwa pembe, ameliweka miguuni.

Mfanyabiashara wa dagaa alikuwa amekaa kitandani kwake, mikono katikati ya mapaja. Hakusubiri nimuulize. "Dada, ule uji nilikuwa nakunywa mimi. Alinisihi. Alisema nisipounywa utajua."

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Alisema ni mambo ya kiume, nisimwambie binti yake. Ningefanyaje? Ni mzee. Kaniomba kwa heshima."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo, mpaka wageni wa korido wakaja mlangoni. Na katikati ya matusi yale nikasikia sauti ya baba, ndogo, imekauka: "Mama, usimtukane mgeni mwenzangu."

"Baba, twende hospitali."

"Kesho."

"Sasa hivi!"

"Siku yangu ni kesho. Leo ni siku ya wengine. Ukienda siku isiyo yako unawasumbua tu."

Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga. Hospitali iko pale pale, ukitembea bila haraka unafika kabla chai haijapoa, na yeye amelala na viatu anasubiri zamu. Mwenye gesti aliletwa na kelele. Aliangalia mara moja tu, akasema "La haula," akavua kofia, akamshika baba kwapani. Yule wa Kabwe akashika miguu, analia waziwazi, mtu mzima mwenye tumbo lile. Wakampakia kwenye bajaji. Kila tulipopita shimo baba alifumba macho, lakini sauti haikutoka.

Sasa sikilizeni nililoliona mapokezi, maana hili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Nesi alikuwa binti mdogo, mstaarabu, watu wamejaa kwenye mabenchi. Akamwinamia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unajisikiaje?"

"Vizuri tu. Tumshukuru Mungu."

"Tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo kubwa. Siku yangu ni kesho, ila binti yangu ameona tuje tuwasalimie."

Nesi akatabasamu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye benchi, kwamba tukae tusubiri, akamgeukia mwanamke mwenye mtoto aliyekuwa nyuma yetu.

Nikapiga kelele. "Mwongo! Baba ni mwongo! Anakufa huyu, mwangalieni tumbo, msimsikilize!"

Ukumbi wote ukanigeukia. Kwetu mtoto hamwambii mzazi mwongo hata chumbani, sembuse mbele za watu. Mtu mzima mmoja kwenye benchi akasema "Mweh!" na kufunika mdomo. Baba alinitazama. Sikuwahi kumwona amenitazama hivyo, hata siku nilipotoroka shule. Lakini nesi alikuwa ameshamfungua vifungo vya koti, na alipoweka kiganja tumboni tabasamu likamtoka, akaita machela.

Walimpasua jioni ile ile, daktari mwingine, kijana. Alipotoka alinikuta nimesimama. Akaniuliza imeanza lini. Nikamwambia nadhani jana mchana, kwenye kiroba cha dagaa.

"Jana? Mlikaa wapi?"

"Majengo. Gesti."

"Majengo hapa?" Akavua kofia yake ya kijani, akajifuta nayo uso. "Mama, Jumatatu tulimwambia mzee, na nimeona imeandikwa: asinyanyue kitu kizito, na ikitoka ikakaza, au akitapika, aje hapo hapo, hata usiku wa manane. Hakukuambia?"

Methali tunaijua, tumeisoma darasa la nne: mficha maradhi kilio humuumbua. Tunaijua wote. Baba mwenyewe aliitumia kwa watu wengine.

Utumbo ulikuwa umeoza, kipande kirefu, wamekikata. Daktari alisema sumu imeshaingia kwenye damu na kwamba tuombe Mungu. Wapo wanaonilaumu mimi, wanasema binti mzima ulishindwaje kujua. Nawajibu: niliuliza kila siku, nikajibiwa salama kila siku. Mimi si nabii.

Alhamisi, siku yake, ilimkuta wodini ana mipira puani na mkononi. Lori la yule kaka wa Kabwe liliondoka alfajiri, alimwachia mhudumu shuka lake mwenyewe, safi, aniletee. Kaka yangu nikampata kwenye simu hatimaye, akasema anapanda gari, na Chunya si karibu. Basi mchana akaja nesi wa wodi, mama mtu mzima, na beseni.

"Nani wa mgonjwa huyu? Asafishwe, abadilishwe."

"Ni mimi."

"Hakuna mwanaume?"

"Hakuna."

Akaniangalia kidogo, akavuta pazia la kitanda, akaniachia sabuni.

Baba alielewa kinachokuja. Aliuinua mkono usio na mpira, akajifunika macho. Nikaanza miguuni, polepole, nikazungumza ovyo ili kusiwe kimya, nikamwambia habari za ulezi, za bei ya vitambaa, za watoto. Nikapandisha. Nilimwosha pale ambapo mama hakutaka hata kupataja, nikakwepa bandeji, nikamfuta, nikamgeuza, nikatoa shuka lililochafuka nikatandika lile la Kabwe. Nimewaosha watoto wanne na nimemwosha mama mkwe mpaka akazikwa. Mwili ni mwili. Nilipomfunika nikaona machozi yanapita chini ya kiganja chake kuelekea sikioni.

"Naona aibu, mama," akasema.

"Najua baba. Imeshapita. Aibu imekwisha, nimeona kila kitu, na wewe bado ni baba yangu." Kisha nikapiga magoti pale chini, kwenye saruji, nikashika ukingo wa kitanda. "Nisamehe kwa lile neno la jana. Na sasa nakuomba, uniambie kweli. Unajisikiaje?"

Mkono wake ukabaki palepale machoni. Nilidhani analala. Halafu akatoa mkono machoni, akanitazama.

"Naumwa," akasema. "Naumwa sana, mama. Naumwa sana sana. Sijawahi kuumwa hivi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilihisi mtu kanivua gunia mgongoni. Nikasimama, nikakimbia kwenda kumtafuta nesi, nikaogopa nisije nikalisahau neno hata moja. Alikuwa wodi ya pili, anamchoma mtu sindano. Nikamvuta mkono. "Njoo, njoo, amesema!"

Tuliporudi alikuwa ameshakata kauli. Macho yako wazi, kifua kinapanda kwa shida, lakini ukimwita haitiki. Nesi akamshika mkono, akamsikiliza kifua, akanigeukia.

"Amesemaje?"

"Amesema anaumwa," nikamwambia.